Gari la safari likirudi nyumbani, watoto nao wapo

Mvua za masika zikishaushika Mlima Meru, ukipita barabara ya Arusha kwenda Moshi utaona mabadiliko pale Usa River. Yale magari marefu yenye paa la kuinua, ambayo Januari na Februari yalikuwa yakipishana kuelekea Ngurdoto, Tarangire na Serengeti, yanapungua barabarani. Wageni ni wachache, barabara za hifadhini zina tope, na magari yamerudi nyumbani. Mengine yanalala kwenye yadi za kampuni. Mengine yako uani kwa watu, kati ya banda la kuku na kamba ya kuanikia nguo, yakisubiri Juni.

Mimi ni mtoto wa dereva wa watalii na nimekulia hapa hapa Usa River. Leo ninaandika habari za afya. Kwa hiyo gari la kambi lililoegeshwa uani nalijua kwa pande mbili. Kwanza nalijua kama ada ya shule na unga wa nyumbani. Pili nalijua kupitia simulizi za wazazi waliolazimika kukimbiza mtoto hospitali kwa sababu ya kitu kilichoanzia ndani ya gari lisilokwenda popote.

Likiwa safarini, gari hilo lina macho mengi. Dereva analikagua kila asubuhi, mpishi anajua mtungi wa gesi uko wapi, na mgeni akisikia harufu asiyoielewa anauliza. Likifika nyumbani macho yote hayo yanaondoka. Baba anaona kazi imekwisha. Mama anaona gari ni la Baba. Watoto wao wanaona nyumba mpya ya kuchezea.

Mwaka ambao magari yalilala

Somo langu kubwa kuhusu gari lililolala nililipata mwaka 2020. Machi 16 mwaka huo Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, abiria aliyekuwa ameingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, ambao kutoka kwetu si mbali. Siku chache baadaye vyuo vilifungwa, nami nikarudi nyumbani na begi langu. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa hadi Mei 18. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 hawakufika 650,000.

Kwa Usa River takwimu hizo zilikuwa na sura ya magari. Kila ua lililokuwa na dereva lilikuwa na gari limesimama, na hakuna aliyejua litasimama hadi lini. Baba alikuwa amenunua lake kwa mkopo wa Saccos, na mkopo haukujua habari ya corona.

Siku ya tatu tangu tufike nyumbani wote wawili, mimi na gari, Baba alichukua daftari la shule la kurasa 48, akaandika tarehe na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Chini yake akaandika kila alichofanya: betri imetolewa waya, tangi limejazwa dizeli, mahema yameanikwa, mtungi umetolewa. Kila Jumamosi aliongeza mstari. Wakati ule niliona ni mzee anayetafuta cha kufanya. Mwisho wa kila mstari aliandika maneno ambayo sikuyaelewa mara moja: "Watoto wote nje."

Nilipomuuliza alinijibu kwa kifupi, "Kabla sijafunga mlango, nahesabu vichwa."

Nyumbani kwetu wakati huo kulikuwa na wapwa zangu watatu, wa miaka mitano, minne na miwili. Shule zilikuwa zimefungwa, na wale wa jirani nao walishinda kwetu.

Baridi ya Meru haiingii ndani ya gari

Miaka michache baadaye, nikiwa tayari kazini, nilizungumza na mama mmoja wa huku kwetu ambaye aliniruhusu nisimulie yaliyompata bila kumtaja jina. Mwanawe wa miaka minne aliingia kwenye gari la kambi lililokuwa limeegeshwa uani, akajifungia nyuma. Loki ya watoto ilikuwa imewekwa, hivyo mlango ule haukufunguka kwa ndani. Ilikuwa asubuhi ya jua baada ya mvua ya usiku, siku ambayo mtu mzima alikuwa bado na sweta.

Dada yake ndiye aliyeona kiganja kwenye kioo. Walipomtoa alikuwa amelowa jasho, amelegea, anatapika. Wakamvua nguo, wakammwagia maji kivulini, wakampepea kwa kanga huku wakitafuta bodaboda ya kumpeleka kituo cha afya. Alipona. Mama yake aliniambia neno ambalo nimelisikia kwa wengi: "Sikuwaza joto, maana huku kwetu ni baridi."

Hapo ndipo tunapokosea hesabu wengi wa ukanda huu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima joto ndani ya gari lililoegeshwa juani katika siku ambazo joto la nje lilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36 za Selsiasi. Kwa wastani joto la ndani liliongezeka kwa nyuzi 22 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Hata siku ya nyuzi 22, ambayo kwetu ni siku ya kuvaa sweta asubuhi, ndani ya gari palifika nyuzi 47. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia kitu cha maana.

Mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara tatu hadi tano kwa kasi kuliko wa mtu mzima. Huko Marekani, ambako vifo hivi huhesabiwa, watoto zaidi ya 900 wamefariki dunia ndani ya magari yenye joto tangu mwaka 1998. Takriban robo yao hawakusahauliwa na mzazi. Waliingia wenyewe kwenye gari lililoegeshwa bila kufungwa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kutunza gari la kambi kati ya safari haihusu injini. Funga milango yote kila mara, hata kama gari liko ndani ya geti. Ufunguo utundike pale ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Mtoto akipotea machoni, angalia kwanza kwenye maji, kisondoo, ndoo au pipa, kisha kwenye gari, ndipo uende kwa jirani. Ukimkuta amezidiwa na joto, mpeleke kivulini, mvue nguo, mloweshe maji, mpepee na umwahishe hospitali. Kama hajitambui usimnyweshe kitu.

Maji ya mvua juu ya turubai

Madereva wengi hufunika gari kwa turubai, na ni jambo jema, maana jua huchakaza mpira wa milango na mvua huleta kutu. Tatizo ni turubai lililolegea. Linafanya mabonde, mabonde yanashika maji, na kwenye maji hayo mbu anataga.

Mbu anayeeneza homa ya dengue, ambayo wengine wanaiita kidingapopo, hahitaji dimbwi. Kifuniko cha chupa chenye maji kinamtosha. Anapenda sana tairi kuukuu, na kwa dereva wa safari tairi kuukuu hazikosekani nyuma ya nyumba. Kutoka yai hadi mbu mzima anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi, na yai lenyewe linaweza kukaa kavu kwa miezi likisubiri mvua. Dar es Salaam iliona mlipuko mkubwa wa dengue mwaka 2014 na mwingine mwaka 2019, na tairi zilizotupwa zilikuwa miongoni mwa mazalia yaliyotajwa.

Baba alikuwa akivuta turubai kwa kamba mpaka maji yateremke yenyewe, akaweka mti katikati kama mwamba wa paa. Tairi za akiba zilikaa chini ya banda. Zile zilizokwisha alizitoboa matundu zisishike maji, nyingine akazijaza udongo na Mama akapanda figiri. Kila wiki, siku ile ile ya daftari, mtu alizunguka gari na kumwaga maji yote yaliyosimama. Kazi hiyo ni ya dakika kumi.

Panya, na homa isiyo malaria

Gari la kambi lina kila kitu panya anachokipenda: makombo ya biskuti chini ya viti, magodoro, mablanketi, na giza. Fundi umeme yeyote wa Usa River atakuambia kuwa masika ni msimu wake, kwa sababu panya wametafuna waya.

Waya hununuliwa. Mkojo wa panya ni jambo jingine. Unabeba vimelea vya leptospirosisi, ugonjwa ambao Watanzania wengi waliujua kwa jina la homa ya mgunda mwaka 2022, ulipozuka mkoani Lindi na kuua watu watatu. Vimelea huingia mwilini kupitia mchubuko, macho au mdomo. Dalili zake ni homa, kichwa kuuma, misuli kuuma hasa ya nyuma ya miguu, na wakati mwingine macho kuwa mekundu au ya njano.

Ugonjwa huo si wa Lindi peke yake. Watafiti waliofuatilia wagonjwa 870 wa homa, watoto na watu wazima, waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008, walikuta kwamba 528 walidhaniwa wana malaria. Vipimo vilithibitisha malaria kuwa chanzo cha homa kwa 14 tu. Leptospirosisi ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyokuwa yamejificha nyuma ya jina la malaria. Moshi na Usa River ni mwendo wa basi dogo.

Kwa hiyo, kabla gari halijalala, toa chakula chote, hata kile cha makopo. Fagia chini ya viti. Toa magodoro na mablanketi uyaweke ndani ya nyumba. Ukikuta kinyesi cha panya usifagie kikavu. Vaa glavu, nyunyizia maji yenye dawa ya madoa ya klorini, subiri kidogo, kisha ufute kwa kitambaa cha kutupa. Watoto wasiwepo. Na kama mtu wa nyumbani aliyesafisha gari amepata homa, mwambie daktari kwamba alishika mahali pa panya. Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha vipimo atakavyoandikiwa, na ugonjwa huu una dawa.

Chupa ya soda isiyo na soda

Gari likitengenezwa nyumbani, vimiminika hutoka: oili chafu, dizeli, maji ya rejeta yenye dawa, asidi ya betri. Na kwa mazoea yetu, kimiminika hutiwa kwenye chombo kilicho karibu, ambacho mara nyingi ni chupa ya maji ya kunywa au ya soda.

Mtoto wa miaka miwili hasomi, bali anaitambua chupa. Dawa ya rejeta nyingi ina ladha tamu, na kiasi kidogo kinaweza kuharibu figo. Petroli, dizeli na mafuta ya taa hatari yake kubwa ni kuingia kwenye mapafu. Ndiyo maana mtoto akinywa, usimtapishe, kwa kuwa kikipanda tena ndipo kinapopata njia ya kuingia kwenye pumzi. Usipoteze muda kutafuta maziwa. Chukua chupa yenyewe, mchukue mtoto, nenda hospitali, na uonyeshe alichokunywa.

Dumu la kimiminika cha gari liwe dumu la gari tu, lenye alama, lenye kifuniko kinachobana, na lifungiwe stoo. Baba alipaka madumu yake rangi nyekundu. Wapwa zangu walijua chekundu hakiguswi kabla hawajajua kusoma.

Mtungi wa gesi nao usilale ndani ya gari. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia sakafuni, na gari lililofungwa ni kama sanduku. Mtungi ukae wima, nje au mahali penye hewa, mbali na jua na moto.

Tena kuna kuwasha injini. Wako wanaoliwasha gari kila asubuhi kwa dakika tano likiwa kwenye banda lililofungwa, wakiamini wanachaji betri. Dakika tano hazitoshi kuijaza betri. Moshi wake lakini una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Banda likiwa limegusana na chumba cha watoto, hewa hiyo hupita dirishani. Ukiumwa kichwa na kizunguzungu pamoja na watu wengine wa nyumba kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza.

Na gari lenyewe?

Gari lenyewe halina makuu. Kama litasimama zaidi ya wiki mbili, toa waya hasi wa betri kwanza, na siku ya kurudisha uurudishe wa mwisho. Betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ikikaa muda mrefu ikiwa tupu, huota ukoko ndani na haitarudi hali yake. Jaza tangi la dizeli ili kupunguza nafasi ya unyevu kugeuka maji ndani yake. Jaza upepo tairi, na sogeza gari kidogo kila baada ya wiki mbili lisikae upande mmoja. Usiache breki ya mkono imevutwa miezi miwili, itashika. Weka gia na kabari za uhakika mbele na nyuma ya magurudumu, maana mtoto anayepanda kwenye usukani anaweza kutoa gia.

Hema, liwe la chini au la juu ya paa, likunjwe likiwa kavu kabisa. Hema lililokunjwa na unyevu huota ukungu kwa siku chache, na ukungu huo humsumbua mtoto mwenye pumu. Friji ya gari ioshwe, ikaushwe na iachwe na upenyo wa hewa. Kama ni kubwa kiasi cha mtoto kuingia, ing'olewe au igeuziwe mlango ukutani.

Maji yaliyobaki kwenye tangi la kunywa yamwagwe yote. Kabla ya kulitumia tena, lioshwe kwa maji yenye klorini na kusuuzwa. Na tujikumbushe kwamba maji ya ukanda wetu, hasa Maji ya Chai na Ngurdoto, yana floridi nyingi ambayo huharibu meno na mifupa ya watoto, na kuchemsha hakuiondoi. Tangi la safari lijazwe maji ambayo ungempa mwanao nyumbani.

Kazi ya nani?

Nimewauliza madereva kadhaa wa hapa nani anabaki na gari wao wakienda shambani au mjini msimu wa masika. Wengi walicheka, wakasema gari halina mtu, limepumzika. Nikawauliza ufunguo uko wapi. Wawili hawakuwa na hakika.

Nyumbani kwetu jibu lilikuwa kwenye daftari. Baba aliandika upande wa injini, Mama aliandika upande wa maji, panya na mablanketi, na yeyote aliyefungua mlango aliandika saa aliyoufunga. Hakuna aliyepaswa kudhani. Desemba 2020, Baba alipopata safari yake ya kwanza baada ya miezi tisa, gari liliwaka kwa mara ya pili tu ya kugeuza ufunguo. Mkopo ukaanza kulipwa tena, taratibu.

Wapwa zangu sasa wanasoma. Mkubwa ndiye anayeshika daftari siku hizi, maana Babu yake macho yamechoka, na masika ya mwaka huu ameshaandika kurasa mbili. Mwandiko wake ni mbaya. Lakini kila mstari unaishia na yale yale: watoto wote nje.

Kama kwako kuna gari la safari linalosubiri Juni, au hata gari dogo tu lililoharibika ambalo hujapata hela ya fundi, chukua daftari leo. Anza na ufunguo uko wapi, na nani alifunga mlango mara ya mwisho.